Mapenzi ya Taarabu Yajayo Ukubwani

Wengi waandikao juu ya muziki hudhani kuwa mapenzi makali ya sauti ya mwimbaji fulani ni maradhi ya ujana, yampatayo mtu kabla ndevu hazijatimia na kumtoka polepole kadiri anavyoelemewa na watoto, kodi na madeni. Na mtu wa makamo akionekana kushikwa na shauku hiyo kwa mara ya kwanza, akawa hakosi usiku hata mmoja ambao kundi lake linapiga, hutazamwa kwa kicheko cha chini kwa chini, tena na watu wenye adabu zao. Dhana hiyo huenda ikafaa kwa dansi. Walakini katika taarabu ya Unguja, na kwa kiasi fulani katika mwambao wote, desturi ilikuwa kinyume kwa muda uliozidi nusu karne: kuipenda taarabu hadharani ilikuwa daraja ambayo mtu aliipanda kwa miaka, na aliyeifikia mapema mno ndiye aliyetiliwa shaka.

Asili ya jambo hili imo katika asili ya taarabu yenyewe. Masimulizi ya Unguja yanasema kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, naye aliporejea akawa anapiga jumbani mbele ya Sultani na wageni wake. Taarabu hiyo ilikuwa ya Kiarabu, ya wasikilizaji wachache, wanaume wenye vyeo waliokaa kwa utulivu, kila mmoja akitikisa kichwa kwa kadiri ya heshima yake na si zaidi. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, kilichojitwalia jina la ile jamaa ya wanafalsafa wa Basra wa karne ya kumi ya Miladi, na makao yake yakawa mtaa wa Malindi. Chama hicho kiliutoa muziki jumbani kikaufikisha mtaani, lakini adabu ya baraza hakikuiacha nyuma: bashraf ilitangulia bila maneno, kanuni, udi, fidla na nai zikapokezana, na hadhirina wakatulia wasikilize. Kijana asiyeweza kukaa saa tatu bila kujinyoosha hakuwa na sehemu hapo, na wala hakuonewa.

Kwa upande wa wanawake mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Katika nyumba zilizojali sifa ya jina lao, mwari hakuonekana penye mkusanyiko wa watu, seuze kwenye taarabu ya usiku. Alikaa ndani, na kama harusi ilikuwa nyumba ya pili, fungu lake lilikuwa kile kilichopenya dirishani. Alipoolewa, ruhusa ilihamia mkononi mwa mume, na waume hawakuwa sawa. Nafasi ya kweli ilimjia mwanamke baada ya watoto kukua, au baada ya talaka, au katika ujane, alipokuwa na chumba chake, vijisenti vyake vya kuuza maandazi au kushona kofia, na hapana wa kumwuliza alikokuwa baada ya isha. Yule ambaye leo tungemwita mshabiki aliyechelewa, zamani zile alikuwa mshabiki aliyefika kwa wakati wake.

Mwimbaji aliyeukusanya umma huo alikuwa yeye mwenyewe mtu aliyeanza ukubwani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, akalelewa katika kazi ya vyungu ambavyo mama yake alivifinyanga na yeye akavitembeza kuviuza. Na alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, ambao kwa hesabu ya zama zile haukuwa ujana tena. Muhsin Ali, aliyekuwa katika Ikhwani Safaa, ndiye aliyemfunza. Mwanamke wa kijijini, asiye na nasaba ya kutajwa, kufundishwa na watu wa chama kile lilikuwa jambo zito, na wapo walioliona ni utovu wa adabu. Lakini sauti ilipokwisha kusikika, hoja ya nasaba ilipoteza nguvu. Akapata wenzake: Subeit bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam, Mwalimu Shaaban, na nyumba yake ya Ng'ambo ikawa mahali pa kukusanyika usiku, ambapo nyimbo zilitungwa, zikajaribiwa na kusahihishwa mbele ya majirani kabla hazijapelekwa kwa matajiri.

Ni vema kukumbuka nyimbo hizo zilihusu nini, kwani watu wa leo waliozizoea kwa jina tu huzidhania kuwa ni za mahaba matupu. Siti aliimba kwa Kiswahili, naye aliimba mambo ya mahakamani, ya karani aliyekula fedha za watu, ya mume mwenye mkono mwepesi. Wimbo wake wa Kijiti, mashuhuri kuliko nyingine, unasimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja ugenini na jinsi mwuaji alivyoponyoka mkono wa sheria. Ni nani apasuliwe moyo na wimbo wa namna hiyo? Si msichana wa miaka kumi na sita. Ni yule aliyewahi kusimama mbele ya kadhi akaambiwa ushahidi wake hautoshi. Ni yule aliyekwisha kujua kuwa maneno ya wimbo hayakutungwa ili yapendeze bali yametungwa kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuyasema. Mafumbo ya taarabu hufunguka kwa ufunguo mmoja tu, nao ni mambo yaliyompata msikilizaji. Kabla ya hayo kumpata, wimbo ni sauti nzuri. Baada yake, mtu huyo huyo aliyeusikia kwa miaka ishirini bila kuujali hushtuka kuwa umekuwa ukimsema yeye, na tangu siku hiyo hana tena raha pasipo kuusikia. Sijui njia nyingine ya kueleza kwa nini watu wengi sana wa Unguja, ukiwauliza lini taarabu iliwaingia, hukutajia msiba au talaka badala ya kukutajia mwaka.

Kisha ipo kazi ya mshabiki, ambayo mgeni huidharau kwa kutoielewa. Katika taarabu, kupenda si kukaa na kupiga makofi. Mpenzi wa wimbo husubiri ubeti wake, na ubeti huo unapofika huinuka mahali pake, akatembea polepole kwa mwendo wa mapigo, noti mkononi imeinuliwa ionekane, akifika kwa mwimbaji akamtunza, pengine akazunguka kidogo huku uso umeelekea upande fulani wa ukumbi, ndipo akarudi kuketi kama kwamba hakuna lililotokea. Lakini limetokea. Kila mwanamke ukumbini ameona ni ubeti gani, uso ulielekea wapi, na ni nani aliyeinamisha kichwa au aliyecheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akiulizwa kesho yake, mtunzaji atasema amependa sauti tu. Na hakuna mahakama itakayomtia hatiani. Haya ni mawasiliano ya watu wazima, yanayotaka fedha ya ziada, ulimi uliofunzwa kunyamaza, na zaidi ya yote uhasama au mahaba yenye umri. Kijana ana ugomvi, lakini bado hajapata adui wa maana wa kumtolea noti.

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 kazi hiyo ikapata majeshi. Wanawake wa mjini Unguja waliunda vyama vyao vya taarabu, na kwa kuwa dunia ilikuwa imetoka vitani karibuni na meli za kivita zilitia nanga mbele ya macho yao, vingine vikajiita Royal Navy na Royal Air Force, majina ambayo Waingereza wenyewe, nadhani, hawakutarajia kuyasikia yakiwa sare za khanga. Ndani ya vyama hivyo mtu hakuwa msikilizaji mtupu. Alitoa mchango wake, alivaa sare ya siku hiyo, alisaidiwa kwenye harusi ya bintiye na kuzikiwa maiti wake, na usiku wa taarabu aliimba au aliitikia. Vyama vilijibizana kwa nyimbo, huyu akitoa na yule akirudisha, na jibu lilingojwa mtaani kwa hamu iliyozidi ile ya magazeti. Mwanamke wa miaka arubaini na tano aliyejiunga na chama baada ya kuozesha mtoto wa mwisho alipata mara moja udugu, mahasimu, na mahali pa kuvaa nguo zake nzuri. Na chama kilipata mchango wa mtu ambaye hakuwa na mume wa kumzuia wala kitoto cha kumrudisha nyumbani mapema. Mimi naamini vyama hivyo visingeishi mwaka mmoja bila hao. Waimbaji wenye sauti walikuwepo siku zote. Waliokuwa adimu ni watu wenye wakati, na wakati ulikuwa mali ya waliokwisha kulea.

Wanaume walikuwa na shida ya namna yao. Kwa mwanamume wa mwambao, umri ukishapinda hutarajiwa aelekee msikitini, azidishe nyiradi, aonekane safu ya mbele. Na mzee ambaye miaka hiyo hiyo ndiyo anaanza kuhudhuria mazoezi ya taarabu kila jioni, na kuwajua wapigaji kwa majina na kasoro zao, hujitia katika midomo ya watu. Ulamaa wamehitilafiana tangu kale juu ya ala na nyimbo, na sina elimu ya kuwaamulia. Lakini yafaa kukumbusha kwamba Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya yake aliitengea sama kitabu kizima, na alipozigawa hukumu za kusikiliza aliwataja kwanza wale ambao kwao ni haramu: wengi wao ni vijana, na wale waliotawaliwa na matamanio ya dunia, ambao sauti huwachochea tu yale yaliyomo nyoyoni mwao. Kwa mwingine ni mubaha, na kwa mwingine, ambaye moyo wake umetulia, huweza hata kuwa jambo la kupendeza. Wazee wa barazani wanaoijua kauli hiyo huitumia kwa ustadi mkubwa. Wengine huipuuza na kufuata njia ya tahadhari: Juma Bhalo wa Mombasa, ambaye mahadhi ya filamu za Kihindi katika nyimbo zake yaliwatoa machozi wanaume wazima pwani yote, mwishowe aliuacha uimbaji kwa ajili ya dini, na wapenzi wake wakabaki na kanda zake na dhamiri zao.

Kilichouvuruga utaratibu huu wa umri hakikuwa mahubiri bali mashine. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay wakaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, na santuri zilizotoka huko zikauzwa kwa makumi ya maelfu, kutoka Unguja hadi miji ya bara ambayo haijapata kuona udi. Gramafoni haikuuliza umri wala ndoa. Mwari aliyefungiwa ndani aliweza sasa kuusikia wimbo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, mara kumi akitaka, madhali mwenye nyumba alikuwa na sindano za kutosha. Baadaye ikaja redio, na pamoja nayo Umm Kulthum, aliyeimba kutoka Cairo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake kwa miaka mingi, wimbo mmoja ukichukua saa nzima na zaidi. Na wapo Waswahili wasiojua Kiarabu ila cha sala waliokaa mbele ya redio usiku huo bila kusema neno. Hao kwangu ni ajabu kubwa kuliko wote, kwani maneno hayakuwafikia. Walichokipokea ni ule urejezi wa mstari mmoja mara tano, kila mara kwa jeraha jipya, ambao mtu asiyewahi kurudia kosa moja mara tano hawezi kuuvumilia.

Katika habari za mapenzi haya siwezi kumwacha Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909, Siti akiwa bado anauza vyungu, na kitabu chake cha Wasifu wa Siti binti Saad kilichapishwa 1958, naye akiwa na miaka karibu hamsini na Siti ameshalala kaburini miaka minane, tangu Julai 1950. Mshairi aliyekwisha kupata jina, mwenye mambo yake mengi ya kuandika, alitumia wino wake kwa mwanamke mwimbaji wa ukoo wa chini, akamwandikia kwa taadhima ambayo waandishi wengine waliwawekea masultani na mawalii. Kitabu hicho kina sifa nyingi kuliko tarehe, na mwanahistoria atakilalamikia; lakini kama ushuhuda wa mtu mzima aliyeshikwa na sauti na asione haya kusema, sijaona mfano wake katika lugha yetu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliupindua pia ulimwengu wa vyama. Kundi lililoanza mwaka 1958, ambalo baadaye limejulikana kwa jina la Culture Musical Club na kukaa Vuga, likawa chini ya mkono wa serikali. Ikhwani Safaa wakaitwa kwa mtaa wao, Malindi. Vile vyama vya kina mama vikanyamaza au vikabadilika. Bara nako mambo yalikuwa na sura yake: Dar es Salaam ilikuwa na makundi ya Egyptian na Al-Watan, Tanga ikatoa Black Star na Lucky Star, na Black Star kwa magitaa yao na sauti ya Shakila waliwavuta hata watu wa dansi. Katika miaka ya 1990 mpambano wa makundi ya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, uliyatoa mafumbo pazia na kuyafanya mipasho ya wazi. Wapo wanaosema hapo ndipo taarabu ilipokufa. Mimi naona kilichokufa ni subira. Hadhira iliyojaza kumbi hizo bado ilikuwa ya wanawake wenye nyumba, biashara na wake wenza, na noti zilipanda jukwaani kwa kasi ambayo Ng'ambo ya Siti isingeiamini.

Na mwisho ulimwengu wenyewe ukachelewa. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyeokota nyimbo za Siti tangu utotoni kwa kusikiliza, alipiga ngoma na kufunda wari kwa miaka mingi kabla Ulaya haijamjua. Katika miaka ya 1980 aliimba na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas, na tuzo ya WOMEX ilimfikia mwaka 2005, alipokuwa ajuza ambaye hakuna aliyeweza kuutaja umri wake kwa yakini. Mwaka uliofuata ikatoka filamu juu ya maisha yake. Wazungu wengi waliompenda walikuwa nao watu wa makamo na zaidi, na walisafiri hadi Unguja wakati wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, ili wamwone akiimba miguu mitupu. Alipofariki, tarehe 17 Aprili 2013, walimlilia kwa dhati.

Kasoro yao moja ilikuwa dhahiri kwa kila mama aliyeketi karibu nao: walingoja wimbo uishe ndipo wapige makofi, wote kwa pamoja, na ubeti uliopaswa kutunzwa ukapita hivi hivi. Lakini wachache kati yao hawakuridhika na kupiga makofi. Tangu 2002 palikuwa na chuo cha muziki cha nchi za majahazi katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani, na humo wageni wenye mvi waliketi darasani pamoja na vijana wa Kiswahili kujifunza udi na kanuni, vidole vyao vikiwa vizito na mwalimu wao mara nyingi akiwa mdogo kwao kwa miaka thelathini.